Farao Hasukumwi

Juzi nilipita sokoni Malindi nikawakuta wauza viazi wameanika magunia yaliyonyeshewa usiku. Jua lilikuwa limeanza kuyapiga, na ile harufu ya katani iliyoloa, iliyochanganyika na jasho na vumbi, ikanipata puani kabla sijajiandaa. Nikasimama. Mwenye viazi akadhani nataka kununua, akaanza kunisifia mali yake, nami sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba sipo tena pale. Nilikuwa nimerudi Minjila, msichana wa darasa la nne, nimeshika kamba, na nyuma yangu amesimama punda ambaye hataki kwenda popote.

Mtanisamehe nikisimulia polepole. Siku hizi nachoka mapema, na kisa chenyewe ni cha uchovu tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kisa cha mbio atafute cha farasi.

Sisi ni Wapokomo, watu wa mto. Baba yangu alikuwa mvushaji. Mtumbwi wake uliwavusha walimu, wagonjwa, mabibi harusi na mbuzi, na yeye alisimama nyuma na upondo wake mrefu, anasukuma, anaimba, anatukana viboko. Kisha yakaja mafuriko yale makubwa ambayo watu wote kwetu wanayaita Elinino. Mto ulitoka kitandani mwake ukaingia vitandani mwetu. Ulichukua mpunga, migomba, kuku wote isipokuwa mmoja aliyepanda juu ya paa, na ukachukua mtumbwi. Tulihamia upande wa Minjila, kwenye ardhi iliyoinuka, kwanza chini ya turubai, baadaye katika nyumba ya udongo ambayo baba aliijenga huku akilalamika kwamba haina upepo.

Wiki zile za turubai mama alijifungua kabla ya wakati. Mtoto hakulia. Mimi niliambiwa nikaote moto kwa jirani, na niliporudi mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, kama turubai lina ukuta. Hakuna aliyenieleza kitu. Kwetu mtoto haelezwi, mtoto huona.

Mvua zilipopita na mwaka ukazunguka, mama akawa mjamzito tena. Muuguzi wa hospitali kule Ngao alimtazama, akampapasa, akamuuliza habari za yule wa turubai, kisha akamwambia baba mbele yangu: "Mzee, huyu mama asibebe kitu kichwani. Hata ndoo. Akibeba, mtoto huyu naye hamtamwona." Baba akaitikia kwa kichwa. Tukarudi nyumbani, na sote watatu tulijua nani alikuwa anachota maji ya nyumba ile.

Kwa muda ule haikuwa shida kubwa. Mafuriko yalikuwa yametuachia bwawa karibu na nyumba, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mimi na mdogo wangu Dama tuliweza kuyachota kwa ndoo ndogo ndogo. Lakini bwawa lilikuwa linanywea. Kila wiki ukingo wake ulipasuka zaidi na vyura wakasongamana katikati. Likikauka, maji yangebaki mtoni tu, na mto kutoka pale tulipohamia ulikuwa mwendo wa kumchosha hata mtu asiyebeba kitu. Baba naye alikuwa amepata kibarua Garsen, alitoka alfajiri akarudi jioni. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: maji yangekuwa ya mama, au yangekuwa yangu. Na yakiwa yangu, shule basi.

Baba akafanya jambo ambalo Wapokomo wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Alichukua nyavu zake za samaki, kitu cha mwisho cha mto alichobakiwa nacho, akazibadilisha na punda.

Punda mwenyewe alitoka kwa wenye mikokoteni wa Garsen, na ningekuwa mkubwa wakati ule ningejiuliza kwa nini mwenye mkokoteni anakubali kumtoa punda wake kwa nyavu kuukuu. Alikuwa dume aliyehasiwa, rangi ya majivu, sikio moja limechanika, na mgongoni ana makovu yasiyoota manyoya. Hakutaka mtu amguse matako. Ukipita nyuma yake alipiga teke. Ukipita mbele yake aliuma. Ukimtwisha kitu alikaa chini, taratibu kabisa, kama mzee anayekaa mkekani, na hapo hakuna kiumbe angemwinua. Baba alimtazama siku ya kwanza, akasema, "Huyu Mungu ameufanya moyo wake kuwa mgumu." Basi akamwita Farao.

Sasa mnisikilize, maana hapa ndipo ilipo akili ya watu wa mto. Baba hakuwahi kuwa na mnyama mkubwa kuliko mbuzi. Alichokijua maisha yake yote ni kwamba chombo huendeshwa kutoka nyuma. Mvushaji husimama nyuma, husukuma, na chombo huenda. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza baba alimfunga Farao shogi, yale matandiko ya magunia yenye mifuko miwili ya kubebea mitungi, akachukua upondo mpya aliokuwa amejichongea kwa matumaini ya mtumbwi mwingine, akaenda kusimama nyuma ya punda. Akamsukuma. Alipotaka Farao apinde kulia, alimgusa ubavu wa kushoto. Mbele ya punda hapakuwa na mtu yeyote, njia nyeupe tu na jua.

Farao aliuona ule mti kwa pembe ya jicho. Alitetemeka ngozi yote, akakaa chini. Baba akasukuma zaidi. Farao akapiga teke akiwa amekaa, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje, likampata baba gotini. Majirani walikuwa wamejipanga kama kwenye mpira. Mmoja akauliza, "Mvushaji, kina cha maji hapo ni kiasi gani?" Baba alichechemea siku kadhaa na kila aliyemsalimia alimjibu, "Asante ya punda ni mateke."

Jioni alipokuwa anakandwa goti alisema kwa hasira, "Punda afe, mzigo ufike." Mama alikuwa anachagua mchele. Akasema, bila kuinua macho, "Punda akifa, mzigo utafikishwa na nani?" Baadaye baba akatoa hukumu yake. Punda akae, na kwa kuwa mimi ndiye nisiye na kazi jioni, nijaribu bahati yangu. Lakini alionyesha pipa lililokuwa nje ya mlango akasema, "Siku nitakayorudi nikalikuta hilo limekauka, Farao anarudi Garsen. Na wewe, Rehema, utaingia njia ya mto. Nitafanyaje?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeishiwa na maneno mengine.

Nilimpenda mwalimu wangu, nilipenda kitabu changu cha Kiswahili kilichopasuka jalada, nilipenda hata uji wa shule wenye wadudu. Usiku ule nililia kidogo kisha nikamkasirikia punda, na hasira ile ndiyo iliyonianzisha kazi.

Hapa lazima nimtaje Mama Hawo. Alikuwa Morma, wa wale wafugaji wa ng'ombe, mama mrefu mwembamba aliyepita kwetu asubuhi nyingi akipeleka maziwa Minjila katika vibuyu vilivyofukizwa moshi. Alikuwa anamwachia mama kikombe, mama anampa ndizi au mchele, na wanazungumza Kiswahili chao kile cha kila mtu kuleta alichonacho. Jumamosi moja alinikuta nimesimama nyuma ya Farao na fimbo, namsihi kwa mbali. Akatua vibuyu vyake. Alimzunguka punda, akamtazama makovu ya mgongoni, akayapapasa kwa vidole viwili, na yule mnyama aliyekuwa anauma kila mtu akamwachia.

"Hii nabeba nyumba," akasema. "Zamani. Kabla ya watu ya mkokoteni. Hii punda ya kuhama."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwao, watu wakihama na ng'ombe, nyumba hubomolewa, miti na mikeka ikafungwa juu ya punda, na mwanamke hushika kamba akatangulia. Punda wa namna hiyo amezoea mgongo wa mwanamke mbele yake. Hajui kusukumwa. Alipouzwa mjini wakamwekea nyuma watu wenye fimbo, na mbele hakuna mtu.

"Wewe nakwenda mbele," akaniambia. "Kamba hapana vuta. Hapana angalia nyuma. Ukiangalia nyuma, yeye nafikiri wewe nauliza yeye njia. Punda hapana jua njia. Wewe najua." Kisha akaniuliza jina lake. Nikamwambia Farao. Alifikiri kidogo, akashtuka, akajishika mdomo. "Firauni? Nyinyi naita mnyama Firauni? Nani naweza itika jina kama hiyo!" Akajitwika vibuyu vyake akaenda zake huku anamwomba Mungu msamaha.

Basi. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Mengine ilibidi nijifunze mwenyewe kwa jua la saa kumi, nikiwa nimetoka shule na tumbo tupu.

Nilianza kwa kukaa tu. Nilikaa karibu naye na kitabu changu, nikasoma kwa sauti, sungura na fisi na mambo yao, na kila ukurasa nilimpa ganda la embe au pumba kidogo za mpunga. Akinikaribia sikumgusa. Siku aliyoweka pua yake begani kwangu na kunipumulia pumzi ya joto yenye harufu ya majani yaliyochachuka, niliacha kusoma lakini sikugeuka. Nilikuwa nimeanza kujifunza kutogeuka. Ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Jaribuni kumpa mgongo kiumbe mwenye meno ya ukubwa ule.

Baada ya hapo gunia tupu mgongoni. Akalitupa. Tena gunia. Akalitupa. Jina la Farao nilikuwa siliiti tena. Nilimwita "weye" tu, na nilikuwa namtukana kwa Kipokomo, matusi mabaya niliyoyaokota kwa wavuvi, lakini kwa sauti ya kubembeleza, kwa sababu niligundua hajali maneno, anajali sauti. Mama alinisikia siku moja akasema, "Mwanangu, lau punda yule angeelewa, angekwenda kukushtaki kwa mchungaji." Nadhani ndiyo mara pekee aliyocheka mwezi ule.

Gunia lilipokaa, nikamfunga shogi tupu. Shogi lilipokaa, nikatia mitungi ya plastiki mitupu, na hapo tukarudi mwanzo kabisa, maana mitungi mitupu hugongana ikalia kama ngoma na yeye alikimbia mpaka kwenye miba. Nilimfuata nikiwa nalia kwa uchovu. Kesho yake niliijaza mitungi majani makavu ili isilie. Keshokutwa nikapunguza majani. Sijui aliyesema mvumilivu hula mbivu alikuwa anangoja nini. Mimi nilikuwa nangoja punda ainue mguu mmoja, na alipouinua nilingoja auteremshe mbele, si nyuma.

Bwawa lilikauka sisi bado tuko kwenye majani. Asubuhi moja tulienda na Dama tukakuta tope na vyura wachache wasiojua waende wapi. Siku ile ile jioni nilimtoa Farao kwa njia ya mto, mitungi miwili tu, tayari au si tayari.

Alinifuata vizuri. Nilisikia kwato zake kwenye mchanga na moyo ukanijaa. Tulifika mtoni, wanawake waliokuwepo wakanisaidia kujaza na kufunga, na tukaanza kurudi. Njia yetu ilikatiza barabara kuu, mahali ambapo mikokoteni ya Garsen ilizoea kupumzika. Hapo kwato zikanyamaza. Nikangoja bila kugeuka. Kamba ilikuwa inatetemeka mkononi mwangu, na nikajua ni yeye anayetetemeka. Kisha nikasikia maji yanamwagika. Alikuwa amekaa chini na mzigo wake, kizibo kimefunguka. Nilitamani kugeuka nimpige kwa chochote. Badala yake nikakaa chini mimi pia, nimempa mgongo, katikati ya njia, nikaanza kumsimulia sungura na fisi kutoka kichwani. Gari moja lilipita likatupigia honi. Mtu akacheka. Giza lilikuwa linakaribia na mimi naogopa fisi wa kweli, na kila niliposema neno fisi nilijilaumu.

Aliinuka alipotaka mwenyewe. Nilifika nyumbani na mtungi mmoja uliojaa na mmoja wenye maji ya kuoshea uso. Nilimimina ndani ya pipa bila kuthubutu kutazama ndani, kwa sababu nilijua sauti yake: maji yakimiminwa kwenye pipa lililo karibu kuwa tupu hulia kwa kina. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mikono juu ya tumbo. Akasema, "Yatosha. Yatatosha."

Na yalitosha, ndugu zangu! Hilo ndilo lililonipa nguvu. Nilikwenda na Farao kila jioni, na jioni nyingi nilirudi na mtungi mmoja na nusu, mara nyingine nusu peke yake, mara moja na shogi lililochanika na punda mwenye furaha. Lakini kila niliporudi kutoka shule na kufungua kifuniko, maji yalikuwemo. Baba alipita jioni, akagonga pipa kwa kidole kama linavyogongwa fenesi, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Kumbe Farao anaweza," akasema. Nilijiona mkubwa. Nilianza kuamini kwamba maji yaliyobebwa kwa uvumilivu yana baraka, hukaa muda mrefu zaidi. Mwalimu wa dini alikuwa ametusimulia habari za chupa ya mafuta isiyokwisha, kwa nini lisiwe pipa?

Niliona vitu vingine pia, ila sikuvitia maanani. Niliona ngata ya mama, kile kitambaa kinachoviringishwa na kuwekwa kichwani chini ya mzigo, imeanikwa kwenye kamba, imeloa. Nikauliza. Akasema ameshikia sufuria ya moto nayo, ikabidi aifue. Nilimwona amelala mchana, jambo ambalo halikuwa lake, miguu imevimba na ina tope kavu kwenye vifundo. Nilidhani ni mambo ya mimba. Mara moja Mama Hawo alileta maziwa nami sijaenda shule kwa homa. Alimwangalia mama, akanitazama mimi, akasema neno kwa lugha yake ambalo hakulitafsiri. Mama akajiwekea kidole mdomoni, haraka, kisha akajifanya anajifuta jasho.

Farao alipona taratibu. Siku ikafika akavuka barabara kuu akiwa amesimama tu kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo, kisha kwato zikaendelea. Siku nyingine hakusimama. Nilianza kwenda na mitungi minne, kamba imelegea kiasi kwamba ningeweza kuiacha, na wale wanawake wa mtoni wakaacha kunicheka wakaanza kuniuliza. Dama alijifunza naye. Mwisho wa msimu ule wa kiangazi Farao alikuwa anabeba maji yetu yote, na baba, aliyekuwa amebadilisha nyavu zake, alitembea Minjila akitaja punda wake kama mtu anayetaja mtoto aliyefaulu mtihani. Upondo aliupasua kuni.

Mama alishikwa na uchungu mapema, wiki nyingi kabla. Walimpeleka Ngao kwa gari la mfanyabiashara wa maembe. Mtoto alizaliwa mdogo mno, ngozi inaonyesha mishipa, na tulikaa muda mrefu bila kujua atabaki au atakwenda. Alibaki. Baba alimwita Musa, na utani haukuishia hapo. Kila mgeni aliyekuja kumtazama mtoto baba alimpeleka kwanza nyuma ya nyumba akamwonyesha punda. "Mmesoma kwamba Farao alitaka kumuua Musa," alisema. "Wa kwetu amemwokoa. Yeye na huyu binti." Watu walinishika kichwa wakanibariki. Muuguzi wa Ngao aliposikia kwamba mama hakubeba hata ndoo, alishangaa kwa nini basi mtoto amewahi hivyo, akasema labda ni udhaifu wa kale, na akanisifu.

Nilikua na sifa ile. Nilimaliza shule, nikaendelea na nyingine, nikapata kazi Malindi. Harusini, matangani, kila tulipokutana, lazima mtu asimulie habari za msichana na punda, na Musa mwenyewe, sasa mwanamume mwenye ndevu na mabega ya kubeba mlango, hunitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye mama yangu wa pili, na yule wa tatu alikuwa na masikio marefu." Mimi hucheka. Nilistahili, nilidhani.

Kisha nikapata nyumba yangu. Nina watoto watatu na mume, watu watano, kama sisi wakati ule tukimhesabu Mama Hawo ambaye hakukosa kuomba maji ya kunywa. Hapa tunapokaa mfereji hukauka siku nyingi, na nina pipa. Mwaka uliopita ulikauka zaidi ya kawaida, nami nikawa nachota kwa jirani mwenye kisima, nikitoka kazini, mtungi mmoja na nusu kwa jioni, maana mgongo haukuniruhusu zaidi. Nilipika, nikafua nguo za shule, nikaogesha watoto kwa kikombe. Asubuhi pipa lilikuwa limekauka. Kesho yake tena hivyo hivyo. Nilisimama nimeshika kifuniko, nimechoka mwili mzima, nikitazama chini kabisa ya lile pipa penye mchanga na jani, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna mtu aliyeniambia. Mtungi mmoja na nusu haujazi pipa. Haujawahi kulijaza pipa la nyumba yoyote yenye watu ndani.

Niliketi palepale kwenye ngazi. Nikaona njia ya mto mchana, sisi tuko darasani, baba yuko Garsen, na mwanamke mwenye tumbo anapita peke yake na ngata kichwani.

Nilikwenda kwa mama sikukuu iliyofuata. Yeye hakuwahi kuhama Minjila. Mgongo wake umepinda sasa, hutembea kwa kushika ukuta. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo, nikakaa mkekani, nikamsaidia kidogo, kisha nikamuuliza nikiwa nimeinamia ungo. "Mama, wakati wa Farao, nani alikuwa anajaza pipa?"

Mikono yake iliendelea. Alitoa jiwe, akalitupa. Alitoa lingine. "Punda alikuwa bado anajifunza," akasema. "Na wewe ulikuwa bado unajifunza. Baba yako angeliona kavu mara moja tu, mngeacha wote wawili."

"Uliambiwa mtoto atakufa."

"Niliambiwa."

"Sasa kwa nini?"

Ndipo aliponiangalia, na hakuwa na huzuni wala aibu, alikuwa amechoka tu, uchovu ule ule ninaouona kwenye kioo changu. "Rehema," akasema, "mimba ina mwisho wake. Maji hayana mwisho. Ungeingia ile njia, usingetoka. Mimi niliingia nina umri wako ule, sikutoka."

Akarudi kwenye mchele wake. Nje Musa alikuwa anacheka na watoto wangu, sauti yake nene imejaa uwanja mzima. Miaka yote hii nimesifiwa kwamba nilimwokoa. Ukweli ni kwamba mama yetu alipewa watoto wawili wa kuchagua, mmoja tumboni na mmoja darasani, akajitwika mtungi, akachagua.

Musa sijamwambia.